Alama za Mkate

Wamesema Ijumaa usiku. Saa hawakutaja.
Leo Jumatano, na nimeshafua mazulia manne
ambayo mama alikwisha kuyafua mwezi Juni.
Nimeyamwagia maji ya mfereji, nimeyasugua kwa brashi,
nimeyakamua kwa ubao mpaka povu likaisha,
na bado swali la ishirini na tisa linanitazama
kama paka aliyenyimwa utumbo.

Lilihusu kipeuo cha pili. Nilichagua B.
Usiku, kitandani uani, nikakumbuka kuwa ni D.
Nikakaa, nikakokotoa kwa kidole juu ya shuka: D.
Alfajiri nikarudia, ikatoka B.
Sasa sijui hata tatu na tatu ni ngapi.

Bi Roziya anachungulia juu ya ukuta wa udongo.
"Zulhumor, vipi matokeo?"
"Hayajatoka, shangazi."
"Ya binti yangu yalitoka upesi."
Nacheka kwa meno tu.
Tumbo linajifunga fundo, kisha fundo juu ya fundo,
kama mzigo wa mtu anayehamia Tashkenti.

Matokeo hayatokei.
Kinachotokea ni jasho,
ni matikiti kukokotwa kutoka mashambani,
ni damu kidogo pembeni mwa ukucha niliouguguna.
Subira yavuta heri, wasemao husema.
Haya, na ivute. Lakini kamba yake
ina urefu gani, na nani ameshika upande wa pili?

Kaka yangu Javlon amehamia juu ya paa,
eti huko mtandao haukatiki.
Kila dakika anaburuta kioo cha simu kwa dole gumba.
Namkataza. Anaacha.
Nakaa kidogo, kisha mimi mwenyewe napaza sauti:
"Javlon! Vipi?"

Baba hana maneno. Baba ana baiskeli za watu.
Alhamisi jioni akaniwekea mpira wa ndani mapajani,
na beseni la maji miguuni.
"Tafuta tundu."
Nikaujaza upepo, nikauzamisha kipande kwa kipande,
nikauzungusha, macho yote majini.
Hakuna. Hakuna. Hakuna.
Kisha karibu na vali, kiputo kimoja,
kidogo kama jicho la kifaranga,
kikapanda, kikapasuka.
Nusu saa nzima sikuwa na B wala D.
Nilipomwonyesha akaitikia kwa kichwa,
akachomoa kiraka mfukoni,
kiraka kilichokwisha kukatwa, cha tundu lile lile.

Sikumuuliza.

Leo ndiyo Ijumaa.
Jua limezama, na mama amewasha tanuri
maana mchana joto halimruhusu mtu kuoka.
Ananipa muhuri wa mikate,
ule wa bibi, misumari myembamba iliyopangwa duara
kwenye mpini uliong'aa kwa viganja.
"Piga alama," anasema,
halafu anasikia alichosema, anaziba mdomo kwa unga.
Tunacheka wote wawili, vibaya, mpaka machozi,
mpaka baba anatokeza kichwa mlangoni.

"Na zote hizi za nini?" namuuliza. "Ni pambo tu?"
"Pambo! Usipouchoma katikati
unajaa hewa, unavimba, hauivi ndani."
Basi nauchoma wa kwanza.
Nauchoma wa pili, kwa nguvu kupita kiasi,
mpaka mama ananigusa kiwiko.
Wa tatu, taratibu.
Pumzi inatoka kwenye unga, au kwangu, sijui.
Mikate inabandikwa ukutani mwa tanuri, uso kwa moto.

Nikiwa kwenye wa tisa, paa linatikisika kwa miguu.
"Zulhumor! Yamefunguka! Nipe namba yako!
Zulhumor!"

Mikono yangu ina unga mpaka viwikoni.
Mbele yangu donge moja limebaki, laini, jeupe,
halijaguswa na chochote.
"Ngoja," namwambia.

Nimeyangoja siku arobaini na moja.
Na yenyewe yaningoje
mkate mmoja.