Ukuta wa Mulemera

Mjomba Shalukoma hakupanda kusikiliza hadithi.
Alipanda na timazi mfukoni na futi ya kamba,
kwa kuwa mteja wake wa Himbi alisema:
"Nijengee uzio kama ule wa mlimani,
ule usiolala chini tetemeko likipita."

Tulitoka Sake alfajiri,
umande ukitulowesha magoti,
ziwa nyuma yetu kama sahani iliyosahauliwa nje.
Na njiani kila mtu alikuwa na ukuta wake.

Mama Kahindo, gunia la makala mgongoni,
hakusimama hata kutusalimu vizuri:
"Walijenga wanawake. Usiku mmoja.
Waume walikuwa vitani,
waliporudi wakazunguka, wakazunguka,
wakakuta hakuna mlango."
Akacheka, kamba ikimkata paji la uso,
akashuka.

Mchungaji wa ng'ombe alisema ni mwami wa zamani
aliyeukasirikia moto wa Nyiragongo,
akayaamuru mawe yasimame foleni
kama watu wa kodi.
Moto ukaja, ukaukuta ukuta, ukausoma,
ukageuka.
Mjomba alikohoa.
Nyumba zake mbili zimelala chini ya Birere;
moto anaoujua yeye haukupita shule.

Shule yenyewe tuliikuta Mushaki,
na mwalimu Bigembe, kalamu mbili kifuani:
ni Wadachi, alisema, walipogombea mpaka.
Anayo karatasi.
Karatasi iko kwa kaka yake.
Kaka yake yuko Kisangani.

Basi tukafika.
Sikutegemea uwe mfupi.
Unanifika kifuani tu, hatua mia na arobaini,
unaanza pasipo na kitu, unaishia pasipo na kitu,
haulindi shamba, haulindi kaburi,
umekaa juu ya mlima
kama neno la mtu aliyekatizwa.

Mjomba alivua kofia, nikadhani anaomba.
Aliweka sikio.
Akagonga kwa kifundo cha kidole, hapa, na hapa,
akashusha timazi, timazi ikamkatalia:
ukuta umeegemea mlima kidogo
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Hakuna saruji, hakuna hata udongo;
jiwe limeshikwa na jiwe
kama ndugu wanaodaiana.

Akakaa kimya hadi ukungu ukapita mara mbili.
Kisha: "Huyu alikuwa mashoto."
Nani?
"Huyu. Kutoka hapa hadi kwenye kichaka.
Tazama kabari zake zinaingilia upande gani.
Mwenzake huyu alikuwa na haraka. Au njaa.
Na hapa chini waliwapa watoto wacheze,"
na kweli, palikuwa na vijiwe chini kabisa,
viwili vyeupe, viwili vyeusi, viwili vyeupe,
mchezo ambao mvua za miaka yote hiyo
hazijaumaliza.

Mwishoni, pale ukuta unapokoma,
jiwe moja lilikuwa ardhini, limeshachongwa,
na chini yake kokoto mbili.
Nikauliza za nini.
Hakunijibu, aliingiza vidole vyake kwenye ule upenyo,
vikapita.
Ndivyo afanyavyo fundi, alisema baadaye,
tukiwa tumeshaanza kuteremka:
unalilaza jiwe juu ya kokoto
ili ukirudi upate pa kulishikia.

Hatukuzungumza tena hadi Sake.
Nilikuwa nikimfikiria aliyeitwa,
na sauti iliyomwita,
kama alifuta mikono kwanza
au alikimbia nayo na vumbi lake.

Mteja wa Himbi aliuliza: Je, ni nani waliojenga?
Mjomba alimtajia bei ya mchanga.
Ila usiku ule, umeme umekatika Ndosho nzima,
nilimkuta uani amechuchumaa,
tochi ya simu ameing'ata kwa meno,
akipanga mawe meusi, moja juu ya jingine,
polepole, yakimwangukia,
kwa mkono wa kushoto.