Soli Mpya

Ulizaliwa mimba ina miezi saba,
kilo moja na robo,
furu aliyeponyoka wavuni.
Wiki tano nilikubeba kifuani, ngozi kwa ngozi,
kanga mbili zimetufunga,
moyo wako ukidunda mbiombio
kama mvua ya kwanza juu ya mabati ya Mabatini.
Niliuhesabu. Nikipotea, naanza upya.

Ndiyo maana nikasema: Masunga, usikimbie.
Nikasema ngazi za mawe si zako,
nikakupandisha mgongoni hadi ukaingia darasa la pili,
vidato mia na kumi na viwili,
mimi nahema, wewe unaimba.
Wenzako wakiteleza juu ya jabali
kwa vipande vya maboksi, kaptula zikitoboka makalioni,
wewe nilikupa simu ya baba yako,
na soda, na andazi la pili,
maana mtoto aliyezaliwa njiti
hulishwa mpaka majirani wasahau.

Mchelea mwana kulia, walinena waliotutangulia.
Mimi nilichelea mwana kuhema.

Leo kliniki, nesi Kabula
amekufunga mkanda wa presha.
Akapima, akaandika, akafuta,
akasubiri utulie, akapima tena.
"Moyo wenyewe mzima, mama Masunga,
ila haujafundishwa kazi.
Nani alikwambia moyo ni yai?"

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia viatu vyako:
vimeanza kukubana vidole,
na soli bado mpya.

Jioni, chini ya kilima, nikainama kama kawaida.
Mikono yako ilishazoea njia, ikanizunguka shingo.
Nikaifungua, kidole kimoja kimoja.
"Tangulia."

Ukaniangalia kama nimekutukana.

Kidato cha ishirini ukakaa kitako.
Cha thelathini na sita ukashika jabali kwa mikono miwili,
uso umelowa, mdomo wazi,
na mimi nyuma yako nimeuma upindo wa kanga
nisije nikasema: basi, njoo.
Huko juu Lushinge na dada yake wakakuona.
"Masunga anatembea!" wakapiga kelele,
utadhani ndiyo kwanza una mwaka mmoja.
Ukacheka. Ukapanda.

Mlangoni, ziwa lote likiwa nyuma yetu,
ukanivuta mkono, ukaubana kifuani pako.
"Mama, sikia. Unakimbia wenyewe."

Nikauhesabu mpaka hamsini na kitu,
nikapotea,
sikuanza upya.