Sotoka

So, to, ka: sotoka.
Na chini ya mstari H, A, H: haha.
Ndivyo tunavyokariri chuoni,
ndivyo ninavyokariri saa nne usiku
chumba cha kupanga, Makulu,
bati likigongwa na upepo wa Agosti,
vumbi likiingia bila hodi.

Baba alipiga simu katikati ya kukariri.
"Umesema sotoka?"
Akanyamaza. Kigwe nzima ikanyamaza naye.
Babu yake alifukia zizi zima kwa neno hilo;
kwetu halitamkwi karibu na kibuyu cha maziwa.
"Ni hesabu, baba."
"Hesabu ya waliokufa?"
"Ya pembe."
"Aa, ya pembe," akapumua. "Basi wazima."

Sikumweleza zaidi. Ningeanzia wapi?
Miaka tisa nimewashikia wapimaji mlingoti,
Ihumwa, Nala, Mtumba,
mlingoti mwekundu mweupe mwekundu,
sogea, rudi, kushoto kidogo, hapo hapo Mazala!
na mtu nyuma ya darubini ya miguu mitatu
anafumba jicho moja
ananiandika kuwa namba.
Mji umepimwa kwa kivuli changu.
Kiwanja sina.
Nilitaka tu kujua
alikuwa anaona nini.

Ndiyo maana niko dawati la mbele, na mvi mbili,
kati ya vijana wanaoniita Mzee Mlingoti,
na Mwalimu Chidawali anachora duara
kwa mkono mtupu, halikosei.
"Nusukipenyo ni moja."
Moja nini? akauliza Nyemo.
"Moja tu."
Darasa likacheka.
Mimi sikucheka, nilimwona ndama.

Ndama wa kahawia, kamba shingoni,
mambo imekita kwenye udongo mwekundu,
anakula akizunguka, anazunguka akila,
mpaka nyasi zilizobaki nje zikachora mpaka.
Alivyokwenda mashariki ya mambo, kosaini.
Alivyopanda kaskazini, saini.
Jioni moja niliifungua ile kamba
nikailaza juu ya njia ya kwato zake
kuona itaingia mara ngapi.
Mara sita, na kitu.
Hicho kitu kilininyima usingizi nikiwa na miaka minane.
Nilimuuliza mama, akasema kalale.
Leo nimekikuta ubaoni, kina herufi ya Kigiriki,
kimevaa vizuri,
hakinikumbuki.

Jaribio la kwanza: kumi na moja kwa ishirini.
Swali la saba niligawa kwa kosaini ya tisini.
Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu:
*Hapa hakuna kitu. Usikanyage.*
Niliitazama sana hiyo sentensi.
Miaka tisa nimesimama wima na mlingoti wangu,
nyuzi tisini kamili, jua la saa saba,
kumbe nilisimama
mahali ambapo tanjiti haina jibu.

Januari ni kalkulasi.
Nimeshachungulia mlangoni mwao:
ubaoni kuna S iliyovutwa shingo
kama korongo anayemeza chura,
na watu wananakili bila kushtuka.
Nyemo, anayerudia mwaka, ananitisha:
"Huko, Mzee, hakuna kinachosimama.
Unakikaribia kitu, unakikaribia, unakikaribia,
na hufiki, na unapewa alama."
Nikamwambia hiyo nimeizoea,
nimeomba kiwanja mara nne.

Usiku nampigia baba tena.
Upepo umepoa. Najisikia kuuliza jambo moja.
"Ile kamba ya ndama, ilikuwa na urefu gani?"
"Ipi?"
"Ya yule wa kahawia."
Namsikia akigeuza kigoda.
"Haikuwa na urefu mmoja," anasema.
"Niliiongeza kila siku,
kadiri majani yalivyokwisha."

Nimeandika hivyo pembeni ya daftari,
bila alama ya usawa.
Swali la nane bado jeupe.
So, to, ka,
nasema polepole, asije akasikia.