Kizingiti

Baba akipiga simu kutoka Bombo huuliza lile lile:
"Unasoma nini hasa?"
Nikisema sanaa, anasikia rangi na brashi.
Nikisema kompyuta, anashusha pumzi,
anaona ofisi, tai, meza ya benki.
Nikianza kueleza vyote viwili, salio linaisha.

Ukweli wenyewe uko ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho,
madirisha yakitazama mapaa ya Kikoni:
kipande cha gome la mutuba, mita mbili kwa tatu.
Ssekitto alikinunua Masaka kwa pesa ya chakula cha wiki mbili,
tukakitundika badala ya kitambaa cheupe.
Projekta inakitemea mwanga
na mwanga, badala ya kuteleza,
unazama kwenye nyuzi kama maji kwenye udongo.

Kazi yetu ya muhula: ukisimama mbele ya gome
kivuli chako kinaota manyoya,
shingo inapata upara, mdomo unarefuka,
unakuwa korongo wa jalalani,
yule bwana wa Kampala asiyelipa kodi
wala kuombwa kitambulisho.

Ijumaa usiku Atimango akasimama.
Gome likabaki gome.
Akapunga mkono. Akaruka. Akageuka ubavu.
Pembeni, kwa herufi ndogo za kijani:
Watu: 0.
Alicheka yeye kwanza, tukapata ruhusa ya kucheka,
kisha kicheko kikakosa mtu wa kukibeba.
Akawasha tochi ya simu, akajimulika usoni
kama askari anayemkagua mgeni getini.
Watu: 0.

Nikaingia ndani ya msimbo, si kwa ushujaa,
nilitaka tu pa kuficha macho.
Mstari wa mia mbili kumi na nne,
neno la kigeni, na namba: 0.60.
Nikalitafsiri kimoyomoyo: kizingiti.
Ule ubao wa mlangoni
tuliokatazwa kuukalia tukiwa watoto.
Mtu fulani, katika mji fulani wenye taa nyingi,
aliupima kwa mguu wake mwenyewe
akaupigilia misumari, akaenda kulala.

Nikaushusha. 0.50, bado.
0.40, bega moja na manyoya machache.
0.31, Atimango akafunguka mabawa yote mawili,
na papo hapo kiti kikaota mdomo,
fagio likawa korongo mwembamba,
koti la Ssekitto kwenye msumari likatikisa shingo.
Watu: 4.
"Oli otya, ssebo," Ssekitto akalisalimu koti lake.

Hilo halikuwa kwenye mtaala.
Tulikesha tukimtenga mtu na kiti:
kiti hakipumui, lakini
mtu aliyechoka naye hutulia hivyo hivyo.
Saa nane umeme ukakatika.
Tukala chapati baridi gizani, bila kuhesabiwa na yeyote.
Ukarudi alfajiri, projekta ikakohoa, gome likawaka,

na Mama Kabahinda akaingia na ndoo.
Hakujua kuna kamera.
Aliinama kukamua dekio,
ukutani korongo mkubwa akainama naye.
Akasimama. Akainua dekio taratibu,
mdomo mrefu ukainuka hadi darini.
Tulinyamaza kama wezi.
"Miaka tisa nadeki chumba hiki," akasema,
"leo ndiyo ukuta umenitazama."
Akachovya dekio.
"Haya, inueni miguu."

Mwalimu alitupa sitini na nane.
Kwa kalamu nyekundu aliuliza: mwingiliano uko wapi?
Atimango alitaka kukata rufaa. Ssekitto alitaka kulala.
Mimi nilirudi kwenye faili,
juu ya mstari ule nikaacha maneno
ambayo mashine huyaruka bila kuyasoma:

usiguse namba hii.
Mama Kabahinda hupita hapa saa kumi na mbili.