Uzi Mtupu

Irmeli hapigi kelele. Anazima injini
katikati ya ziwa Päijänne, anautazama uzi wangu
uliojikunja kama sufu ya kondoo.

"Samaki anavuta, breki inalia,
nawe wazungusha tu.
Kila mzunguko, msokoto."

Anakata chambo, ndoana, hata kile kipete.
Anawasha tena. Mita sitini za uzi mtupu
anaziachia nyuma ya boti, polepole,
maji yazisokotoe.

Tunakaa. Tangu mazishi ya Baba,
tangu ile hati ya nyumba,
hatujakaa hivi.

"Na ukisharusha, waya ufunge kwa mkono.
Kwa mkono, Oiva."

Uzi unarudi umenyooka, baridi,
ukinidondoshea maji kidoleni.
Ndoana bado iko mfukoni mwake.