Ukurasa wa Arobaini

Huku Trieste hadithi za mauaji huitwa za manjano,
nami, Ondina Furlanich, huzila kama mkate:
nne tangu Januari, na upepo wetu uitwao Bora
(ubora wake siuoni) ukigonga madirisha
kama mpangaji aliyesahau ufunguo.

Cha kwanza sikukipenda, waseme watakavyo.
Mpelelezi mlevi, kaachwa na mke,
binti hapokei simu, theluji hadi magotini.
Mtu huyu nimeshamzika mara ngapi?
Kila mwandishi humfufua, humvika koti jipya
na kumrudishia chupa ile ile.

Cha pili kilinikesha hadi saa nane za usiku.
Daktari kafa kwa sumu, mlango umefungwa kwa ndani.
Nikamshuku muuguzi, nikamwacha, nikamrudia.
Kisha, ukurasa wa mia tatu, anatokea pacha.
Pacha!
Hakutajwa hata kwenye mazishi ya mama yake.
Huo si ujanja, ni wizi wa mchana.
Nilikitupa kitabu, paka akahama chumba.

Cha tatu, hapo navua kofia.
Mke wa kinyozi, huko Chioggia,
anamuua jirani kwa sababu ya mtini
unaotia kivuli kamba yake ya kuanikia.
Hakuna mbio za magari wala barua ya siri.
Akimaliza anaosha vyombo, vikombe kwanza.
Nilichapa maelezo ya polisi miaka thelathini na mmoja,
nakala tatu, karatasi ya kaboni,
na nakwambia: vikombe kwanza.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na mara nyingi ndicho kilichokufulia nguo hizo.

Cha nne. Hapa sharti nimtaje Nevio.
Kaka yangu husoma kabla yangu,
na pembeni mwa ukurasa wa arobaini, kwa penseli,
huandika jina la muuaji. Tangu tuko watoto.
Nimegombana naye, nimeficha penseli,
nimejifunza kuruka toka thelathini na tisa
hadi arobaini na moja.
Hakosei. Hakuwa akikosea.
Katika cha kwanza alimtaja kasisi aliyekwisha kufa sura ya pili.
Katika cha pili, daktari: yaani maiti.
Nilicheka.
Katika cha tatu penseli ilizunguka tu, duara juu ya duara.
Na katika hiki, kisa cha mabaharia wa Genova,
wanaume watupu, hata mpishi,
aliandika kwa mwandiko wa darasa la kwanza:
Ondina.

Nililipeleleza jina hilo jioni nzima, kahawa ikipoa:
mkono ulitetemeka wapi, ulikandamiza wapi,
kwa nini herufi ya mwisho ina mkia.
Ananishtaki? Ananiita?
Au kaliweka pale lisije likampotea,
kama mtu afungaye fundo kwenye leso?

Jumapili nikamrudishia.
Muuaji ni nahodha, kwa taarifa yenu,
dhahiri tangu ile kamba iliyokatwa,
na sura ya mwisho ni ndefu mno.
Nevio akauliza: nilipatia?
Ulipatia, nikasema. Kama kawaida yako.
Akanitazama, akavuta kiti, akaketi wima,
mikono juu ya meza.
Haya, akasema. Chapa.