Yah: Kubadili Kazi

Kumb. Na.: sina tena.
Tarehe: siku ya mnada Msalato, jua la saa nne.

Kwa Afisa Utumishi,
tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi, Sechelela Chidawali, wa masjala,
miaka thelathini na mmoja nilitoboa karatasi
kona ya kushoto, juu,
nikapitisha uzi wa kijani, nikafunga.
Folio moja, folio mia.
Sikujua kwamba nilikuwa nashona.

Kiinua mgongo kilipoingia
wanangu walikaa kikao bila mimi:
kuku wa mayai, alisema Yoeli;
vyumba vya kupangisha Nkuhungu, alisema dada yake.
Nikanunua katani, marobota mawili,
nikauinamisha mgongo uleule uliotakiwa kuinuliwa.

Mwalimu wangu anaitwa Zaituni Ntandu,
mzaliwa wa Singida, miaka ishirini na mitatu,
hana cheti chochote ila vidole.
Kikapu changu cha kwanza alikitazama,
akavuta ncha moja tu,
kikarudi kuwa kamba mapajani mwangu.
"Mama, unasuka kama unafunga mbuzi.
Legeza."
Nililia chooni, kama mwajiriwa mpya.

Sasa najua: katani hulowekwa usiku kucha,
husokotwa pajani mpaka paja lipoteze vinyweleo;
mizizi ya mdaa hutoa weusi usiojali sabuni;
makapi ya zabibu, nayaomba bure kwa wakamuaji wa Hombolo,
hutoa zambarau ya vazi la askofu,
lakini ni rangi mwongo: kiangazi kikipita
inabaki kijivu, kama sare ya zamani.
Naipenda hivyohivyo. Hata mimi nilianza zambarau.

Nikisema mimi ni msusi, majirani wananiletea vichwa.
Nikisema nafuma, wanauliza bei ya vitambaa vya kochi.
Kazi yangu inaning'inia ukutani, pana kuliko mlango,
na wageni wanaikagua kwa heshima:
"Hii ni ya kuwekea nini?"
Haiwekwi kitu.
"Basi ya kuanikia nini?"

Ofisi zilipohamia Mtumba, mafaili yakaingia kwenye kompyuta,
nyuzi za kijani zilitupwa, gunia zima.
Nililibeba kichwani.
Mlinzi alinifungulia geti bila kuuliza.
Hizo ndizo nimezifuma, mwaka kwa mwaka,
mistari thelathini na mmoja, kutoka juu hadi chini.

Ila mstari wa kumi na saba una tundu.

Alikuja kila Alhamisi, Mwalimu Mbeleje wa Mpwapwa,
kofia mkononi, nauli ya kuazima,
kuulizia faili lake la mafao.
Nilimwambia, linashughulikiwa.
Nilimwambia, lipo kwa mkubwa.
Halikuwa kwa mkubwa. Nilikuwa nimelifunga
ndani ya tumbo la faili lingine, uzi mmoja, fundo zuri,
na nililigundua mwaka wa pili,
Alhamisi tatu baada ya yeye kuacha kuja.

Zaituni aliliona tundu, akashika sindano.
Nikamzuia mkono.
Akalitazama kwa muda. Kisha akanionyesha
namna ya kukaza kingo, lisichanike zaidi,
lisizibike pia.

Upepo wa Julai unapita humo. Kazi nzima inapumua.

Kwa hiyo, Afisa, siombi kitu.
Naarifu tu. Vidole ni vilevile.

Wako katika ujenzi wa taifa,
S. Chidawali,
msusi.

Nakala:
Zaituni Ntandu, kibanda cha tatu, Sabasaba.
Mwalimu Mbeleje. Anwani haijulikani;
imefungwa kwa uzi, inasubiri.